Tumbo la Baba, Kidole Tumbo Changu

Jumatatu, 13 Mei 2024. Ulyankulu.

Miaka hamsini na miwili tangu nivuke mpaka, mwezi kama huu. Zamani nilihesabu hadi siku. Sasa siku zinanichanganya. Nabaki na miaka.

Nimechuja asali tangu asubuhi. Ndoo mbili. Nyeusi mwaka huu, miyombo ilichanua vibaya. Kitambaa cha kuchujia kimechanika pembeni. Nimekishona.

Melkiori amepiga simu kutoka Makamba. Ndiye mdogo wangu wa mwisho. Alirudi Burundi miaka kumi na sita iliyopita, wakati wengine tulipochagua uraia wa hapa. Anasema niende Agosti. Amenitengea sehemu ya chini, yenye migomba, karibu na kijito. Nijenge chumba kimoja nife kwetu. Kaburi la Baba hatalisakafia mpaka nifike, ili tusimame pale pamoja. Nimesema ndiyo. Amecheka Kirundi changu. "Kaka, unaongea kama marehemu."

Sehemu ya chini najua ilikuwa ya nani. Sikumtaja. Naye hakumtaja.

Spesioza, mwanangu pekee, anashona nguo Tabora mjini. Anasema siendi popote kabla ya kupimwa mwili mzima. Wiki hii na ijayo kuna madaktari bingwa hospitali ya Kitete, wanachunguza utumbo wa kila aliyevuka miaka hamsini. Nina sabini na mitatu. Siumwi kitu. Nitakwenda ili anyamaze.

Alhamisi, 16 Mei. Ng'ambo, Tabora.

Nipo kwa Spesioza. Chumba kimoja, cherehani mbili, kitanda kimoja alichoniachia.

Jana kituo cha basi Ulyankulu nilimwona Domitila akiuza uji. Kabla ya kumpa mteja kikombe huchota kidogo kwa kijiko, anaonja mbele yake. Hufanya hivyo kwa kila mtu, hata kwa wapakiaji wa tumbaku wasiojua maana yake. Watu wa kilima chetu, tuliotoka naye Burundi, hawanywi kwake. Mimi pia. Nilipanda basi na njaa.

Leo njaa kwa amri ya daktari. Nimepewa dawa ya kusafisha utumbo. Jagi la tatu sasa. Ladha ya chumvi na ndimu iliyooza. Choo ni cha wapangaji wanne. Bi Mwajuma, mke wa mwenye nyumba, ameniona nikipita mara ya sita. "Mwalimu, si tukupe ufunguo kabisa ulale humo?" Spesioza amecheka mpaka uzi ukakatika. Nimecheka pia. Kisha nikakimbia.

Ijumaa, 17 Mei.

Foleni ndefu, wote wazee, wote weupe midomo kwa njaa. Jirani yangu kwenye benchi ni Mzee Ramadhani, seremala wa huku Ng'ambo. "Mwalimu, leo tunapigwa picha upande usiotabasamu." Benchi zima likacheka. Muuguzi akatuambia tuache kelele, naye anacheka.

Kamera. Sindano ya kulegeza, lakini sikulala. Kioo kilikuwa mbele yangu. Nimejiona ndani. Rangi ya waridi, safi, inang'aa. Sikutegemea uzuri mahali pale.

Daktari Pendo, binti mdogo, mpole. "Babu, utumbo wako wa kijana." Akarudisha kamera kidogo. Akamwita mwenzake. Pale mwanzo wa utumbo mpana, kwenye tundu la kidole tumbo, pamevimba kama kitovu cha mtoto mchanga. Katikati panatoka tone la ute. Linatoka, linakatika, linatoka jingine. Akachukua kipande kidogo.

Wanachotafuta hawakukikuta. Hakuna vinyama, hakuna saratani ya utumbo mpana. Wamekuta kitu kingine ambacho hawakuja kukitafuta.

Mzee Ramadhani ametoka mzima. Alinisubiri getini na ndizi mbili mbivu. Moja yangu.

Jumamosi, 18 Mei.

Hakuna jipya. Spesioza anashona sare za kwaya. Hanitazami usoni.

Nimetembea hadi barabara ya zamani. Misafara ilipita mji huu kutoka pwani hadi Ujiji. Nimelifundisha somo hilo maisha yangu yote. Niliwaambia watoto kwamba wapagazi walitua mizigo hapa, wakapumzika, wakaendelea. Sikuwaambia kwamba mwalimu wao alikuja kwa upande wa pili, kutoka ziwani, akatua, hakuendelea.

Jumatatu, 20 Mei.

Kipimo cha CT. Mashine kama tanuri la mikate, linaloingia mtu.

Daktari Pendo amenichorea kwenye karatasi. Anachora vizuri. Kidole tumbo changu kinapaswa kuwa chembamba kama penseli. Kimekuwa kama kidole gumba cha mwanamume. Ndani kuna uvimbe unaotengeneza ute. Ute umejaa, na kidogo umekwisha vuja tumboni. Ni ugonjwa wa nadra. Hauumi. Wengi hugunduliwa kwa bahati, kama mimi. Usipotolewa, ute unaendelea kujaa taratibu. Mwaka, miaka miwili, zaidi. Tumbo linavimba, mtu anakonda miguu na mikono.

Nikauliza huo ute unafananaje.

"Mzito, Babu. Kama mlenda."

Akauliza kama kuna mtu kwetu aliyewahi kuugua tumbo la namna hiyo. Nikasema hapana. Nilisema haraka. Spesioza alinitazama.

Jumanne, 21 Mei.

Niandike. Daftari hili halisomwi na mtu.

Baba aliugua miaka miwili. Tumbo lilikua kama la mama mja mzito, mikono ikawa vijiti. Karibu na mwisho tulimpeleka misheni kwa machela. Sista alichoma sindano atoe maji. Hayakutoka maji. Akachukua sindano nene zaidi. Kikatoka kitu cha njano, kizito, kinachovutika, kidogo kidogo. Bakuli nililishika mimi. Kama mlenda. Sista alisema hajui ni nini. Wazee wa kilima walijua. Walisema: hiyo ndiyo sumu yenyewe inatoka.

Kwetu anayekupa pombe huonja kwanza mbele ya macho yako. Anasema bila kusema: kama kuna kitu, tufe wote. Asiyeonja ana jambo.

Baba alianza kuvimba msimu ule ule alionichumbia Domitila. Tulikwenda kwao, nyumba ya chini karibu na kijito. Baba yake alikwisha kufa, kwa hiyo aliyetukaribisha ni mama yake. Pombe ya ndizi, kibuyu kimoja, mrija mmoja. Tulikuwa wanne tu: Baba, mimi, Mama Domitila, Domitila. Nilikuwa na miaka kumi na minane.

Baba mwenyewe hakumshutumu mtu hata siku moja. Alipokufa, wazee walikaa. Domitila hawakumuuliza, ni binti wa mshutumiwa. Waliniuliza mimi. Nilikuwa chuo cha ualimu, mtu wa kalamu, neno langu lilikuwa na uzito kuliko umri wangu. Mzee mmoja akasema: ulikuwepo, mama huyu alionja?

Nikasema: "Hakuonja."

Sikuwa nimeangalia. Nilikuwa namwangalia Domitila. Alikuwa na kitambaa cha bluu kichwani. Kitambaa nakikumbuka hadi mshono. Mkono wa mama yake siukumbuki kabisa. Jibu la kweli lilikuwa "sikuona." Lakini Baba alikuwa chini ya udongo siku tatu, na watu wote walikuwa wakinitazama, na "sikuona" lilionekana neno la mtoto.

Walimfukuza kilimani siku hiyo hiyo. Mvua ilikuwa inanyesha. Paa lilibomolewa. Migomba yake ikawa yetu. Uchumba ukafa.

Mwaka uliofuata yakaja mauaji, sote tukakimbia, wenye haki na wasio na haki, lori moja hadi Ulyankulu. Mama Domitila alikufa masika ya pili. Walimbeba watu wanne. Nilikuwa juu ya paa naezeka darasa. Niliwaona wakipita. Sikushuka.

Uchawi sikuuamini hata utotoni. Sumu niliiamini. Sumu iko vitabuni, nilijiambia, sumu ni kemia. Kwa neno hilo nimelala vizuri miaka yote hii. Nikamfundisha na mwanangu: kwa Domitila usile, usinywe.

Ijumaa, 24 Mei.

Nimemfuata Daktari Pendo kabla hawajaondoka. Nikamwambia ukweli kuhusu Baba na bakuli. Alisikiliza mpaka mwisho, foleni ikiwa nje.

Kasema hawezi kumpima mtu aliyekufa zamani vile. Ugonjwa huu kwa kawaida hauendi kwa ukoo, na inawezekana ni sadfa tu. Lakini dalili nilizomweleza ni hizo hizo.

Nikauliza: sumu je? Ya kwenye pombe?

"Sumu gani hiyo, Babu, inayojaza tumbo mlenda miaka miwili? Mimi siijui."

Akafikiri kidogo. "Na hakuna anayeijua."

Nimekaa kwenye benchi la nje muda mrefu. Mlinzi akadhani nimefiwa, akanipa pole. Nimeipokea.

Jumapili, 26 Mei. Ulyankulu.

Misa. Sikukomunika. Domitila hukaa benchi la nyuma kulia, peke yake, na pande zote mbili za benchi kuna nafasi. Sijawahi kuona hizo nafasi. Leo nimeziona. Watu wanabanana mbele.

Nilitaka kumfuata mlangoni. Nikasimama kufunga kamba ya kiatu mpaka akaondoka. Viatu vyangu havina kamba.

Mwoga. Mzee mwoga.

Jumatano, 29 Mei.

Mizinga mitatu imehamwa na nyuki. Nimefagia uwanja. Sikufanya lolote lingine.

Alhamisi, 6 Juni.

Daktari Pendo amepiga simu. Kipande kimesomwa. Ni uvimbe ule aliousema. Si wa aina kali zaidi, lakini kwa kuwa umevuja hauwezi kuachwa. Operesheni ni Dar es Salaam, mwezi wa saba. Watafungua tumbo lote, watoe kidole tumbo na kipande cha utumbo, wafute ute kila ulipoingia. Saa nyingi.

"Kwa umri wako sikufichi, Babu. Ni operesheni nzito."

Nampenda kwa kutonificha. Nikauliza kama baada ya hapo nitaweza kusafiri kwenda Burundi. Akasema tutaona. Niliwahi kuwaambia hivyo hivyo wazazi wa watoto waliokuwa wazito darasani. Najua maana yake.

Nimekata simu na wazo moja tu. Kama nitakufa mezani, "hakuonja" litabaki limesimama. Hakuna mwingine aliye hai anayeweza kulifuta.

Jumamosi, 8 Juni.

Nimekwenda kwa Domitila. Kijiji cha pili kutoka kwetu. Nimeendesha baiskeli nusu ya njia, nusu nimeisukuma.

Alikuwa uani anachekecha unga wa uji. Ameniona tangu mbali, hakusimama.

"Mwalimu. Umepotea njia?"

"Hapana."

"Basi kuna aliyekufa."

"Bado."

Hapo alicheka kidogo. Akasogeza kigoda kwa mguu. Sikutegemea kigoda.

Nilikuwa nimepanga maneno kama somo, utangulizi hadi hitimisho. Yalitoka vipande vipande. Kamera, ute, bakuli la misheni, alichosema daktari. Kisha nikasema kwamba siku ile sikuona. Kwamba nilisema hakuonja nami sikuwa nimeangalia.

Hakuacha kuchekecha. Nilipomaliza akakung'uta chekeche.

"Alionja. Mrija nilimshikia mimi. Akavuta mara mbili, akafuta mdomo wa mrija, akampa baba yako."

Nikatazama unga chini.

"Na wewe ulikuwa unaniangalia mimi. Nilijua macho yako yalikuwa wapi, Zakaria. Nilikuwa na miaka kumi na saba, ningeacha kujua? Nikadhani utasema kesho yake. Halafu nikadhani utasema tukishavuka. Halafu nikadhani utakuja kumzika."

Hakuna aliyeniita Zakaria tangu mke wangu afe. Wote huniita Mwalimu.

Nikaomba msamaha. Nilikuwa nalia, niandike hivyo hivyo.

"Hilo la msamaha liache kwanza. Uliposema hakuonja ulisema mbele ya watu. Kaseme mbele ya watu."

"Wengi wamekufa."

"Waliobaki wanatosha. Sirili yupo, yule aliyepanda juu akatuvua nyasi za paa. Bado ana meno."

Hakunipa kitu cha kunywa. Nilikuwa na kiu. Sikuomba.

Jumatatu, 10 Juni.

Nimeongea na katekista. Padri amekubali, Jumapili baada ya matangazo. Dakika tatu.

Naogopa kuliko operesheni. Kule nitakuwa nimelala.

Alhamisi, 13 Juni.

Nimeandika barua, nakala tatu, mwandiko wangu wa ubaoni. Kwamba niliulizwa, nikajibu nisichokijua. Kwamba Mama Domitila alionja, na binti yake alishuhudia. Kwamba shamba la chini, kutoka kijito hadi mpera, lilichukuliwa kwa neno langu. Moja kwa wazee wa kilima kule. Moja kwa Melkiori. Moja kwa Domitila.

Nimefuta sentensi moja, ile iliyosema nilikuwa kijana. Haikuwa habari. Ilikuwa kujitetea.

Jumapili, 16 Juni.

Nimesema.

Nilisimama pale wasomaji wa somo wanaposimama. Nikashika mimbari kwa mikono miwili. Dakika tatu nilipewa, nilitumia moja. Nilisema: nilipoulizwa kama Mama Domitila alionja pombe, nilisema hakuonja. Sikuwa nimeangalia. Huo ni uongo na niliusema mimi. Alionja. Baba yangu nadhani alikuwa na ugonjwa huu nilio nao mimi. Kama si huo, ulikuwa mwingine. Sumu haikuwa.

Vijana hawakuelewa. Walikuwa wanatazamana. Wazee walielewa wote.

Mzee Sirili akasimama na fimbo yake. "Kwa hiyo Mwalimu unatuambia sisi hatukuliona tumbo la baba yako?"

"Tumbo mliliona, Mzee wangu. Mimi ndiye ambaye sikuona kama mama yule alionja."

"Na wewe ndiye uliyetuambia!"

"Ndiyo. Mimi ndiye niliyewaambia."

Akatoka. Fimbo iligonga sakafu mpaka nje. Nilimwonea huruma. Alibomoa paa la mtu kwa neno langu, sasa anabaki na nyasi mikononi mwake, miaka themanini na mitano.

Domitila hakuinua uso. Nilimpa barua mlangoni. Akaikunja mara nne, akaiweka ndani ya kitabu cha sala. Akasema watoto wake wako Kahama, watajua la kufanya nayo. Akaondoka peke yake, kama siku zote.

Nilitegemea kujisikia mwepesi. Sijisikii mwepesi. Najisikia mtu aliyefika kwenye mazishi amechelewa.

Jumatatu, 17 Juni.

Melkiori. Amesikia tayari, habari zimevuka kwa simu za watu kabla ya barua yangu.

"Umemsikiliza daktari mmoja ukamsahau baba yako."

Nikamwambia nimemkumbuka. Kwamba bakuli nililishika mimi, yeye alikuwa na miaka tisa, anatafuta ndama. Nikamwomba sehemu ya chini awarudishie watoto wa Domitila.

"Migomba ile nimeipanda mimi, Kaka. Kwa mikono hii. Nilipofika palikuwa pori."

"Naamini. Ardhi si yetu."

"Basi njoo uigawe mwenyewe. Simama hapa, mbele ya kaburi la Baba, useme ulichosema huko kanisani. Ukisimama hapa nitakusikiliza. Kwa simu, hapana."

Ana haki katika hilo, na hilo ndilo linaloniuma. Neno nililitoa pale. Lilipaswa kufutwa pale. Tumbo langu haliruhusu.

Nimemwambia sehemu ya chini siitaki, hata mahali pa chumba kimoja. Kaburi alisakafie bila mimi. Alikata simu. Hakuniaga. Tangu akiwa mtoto hajawahi kukata bila kuniaga.

Ijumaa, 28 Juni.

Mizinga nimemwachia jirani. Nimemwonyesha kila mmoja ulipo. Miwili sikukumbuka iko mti gani.

Nimejipima kiuno kwa utepe wa Spesioza. Sentimita mbili zaidi ya mwezi uliopita. Huenda ni ugali. Huenda si ugali.

Jumatano, 3 Julai. Ng'ambo.

Nimeondoka Ulyankulu asubuhi. Kituo kilijaa. Watu wa kilima chetu walikuja kuniaga, wachache kuliko ambavyo wangekuja mwaka jana. Sirili hakuja.

Domitila alikuwa mahali pake na sufuria lake. Nilikwisha panda, niko dirishani. Akaja na chupa ya uji, ile kubwa ya chai, na kikombe cha bati. Akamimina mbele yangu. Kijiko kilikuwa mfukoni mwa aproni yake, nilikiona. Hakukitoa.

"Leo sijaonja," akasema.

"Nimeona."

Safari hii nilikuwa naangalia mkono. Una kovu la moto karibu na kidole gumba. Sikulijua.

Nikanywa. Watu walikuwa wanatazama, hata kondakta. Uji wa ulezi, ndimu kidogo, sukari haba. Nikanywa mpaka chini. Akaniachia chupa nzima. "Safari ndefu hiyo." Akarudi kwenye sufuria lake. Mwanamke mmoja wa kilima chetu, mkwe wa Sirili, alikuwa amesimama pale na mtoto mgongoni. Sikujua kama anapita au anataka uji. Basi liliondoka kabla sijaona.

Alhamisi, 4 Julai.

Kesho treni ya Dar. Spesioza amefunga cherehani zote mbili kwa kanga. Anakwenda nami. Bi Mwajuma ameleta mikate ya kumimina, akasema nikirudi nisiombe tena ufunguo wa choo. Mzee Ramadhani ameleta fimbo aliyoichonga mwenyewe. Mninga. Nyepesi, imenyooka.

Jana nilipofika Spesioza alifungua chupa, akanusa, akauliza imetoka wapi. Nikamwambia. Alijua ni mimi niliyemkataza. Alikaa nayo mkononi. Kisha akamimina kilichobaki, akanywa akiwa amesimama, dirishani, na akaendelea kukunja nguo.

Chupa nimeiosha. Inakauka juu ya ukuta. Dereva wa basi la Ulyankulu ataipeleka kesho, amekubali.

Agosti itafika na Melkiori atasakafia kaburi. Nimemtumia maneno ya kuandika juu yake: jina la Baba, mwaka, na "alikufa kwa ugonjwa." Hajajibu.

Huenda nitapona. Daktari Pendo anasema wapo wanaopona. Hata nikipona, pale nilipotengewa si pangu, na kwingine kule sina. Makamba sitarudi.